Walinzi Wasiolipwa wa Mikoko ya Gazi

Safari yetu ya Gazi ilianza kwa ugomvi.

Sisi ni akina mama wa kanisa moja katika milima ya Taita. Juu ya kijiji chetu pana kipande cha msitu, si kikubwa, na chini yake pana chemchemi. Mama zetu waliteka maji hapo, nasi tunateka, na binti zetu wanateka. Wazee walipoona miti inapungua na maji yanakuwa membamba wakati wa kiangazi, walituita wakasema, "Ninyi ndio mnaokwenda kisimani kila siku. Litunzeni eneo hili." Tulikubali kwa furaha. Tukachagua kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wanne. Tukachanga fedha, tukauza mandazi baada ya ibada, tukanunua miche na seng'enge ya kuzuia mbuzi.

Hata mwaka wa pili haukwisha, maneno yakaanza. Mmoja aliuliza fedha za miche zimekwenda wapi. Mwingine alisema ameona mabati mapya juu ya nyumba ya mweka hazina. Hakuna aliyemwuliza uso kwa uso. Alisikia habari hizo kisimani, kama mambo mengi yanavyosikika kisimani. Jumapili iliyofuata hakuketi kwenye benchi letu. Jumatatu alimtuma mtoto na ufunguo wa kisanduku cha fedha, bila salamu.

Tangu hapo, kila tulipoita mkutano wa kumchagua mwingine, kila mama alitazama chini. Nani atakubali kazi isiyo na mshahara, ambayo ujira wake ni kusengenywa? Miezi ikapita. Mbuzi wakapata tundu kwenye seng'enge wakaingia.

Ndipo mwenyekiti wetu aliposema, "Tusichague mtu kwanza. Twendeni tukawaone watu wanaofanya kazi kama hii bila kusambaratika." Alikuwa amesikia habari za Gazi, kijiji cha pwani ya kusini mwa Kenya, ambako wanakijiji wanatunza msitu wa mikoko chini ya kamati ya watu wa kujitolea. Tulichanga nauli, tukawaaga waume zetu, tukawaachia wakwe na mabinti wakubwa funguo za jikoni, tukaondoka akina mama tisa.

Kuteremka pwani

Watu wa milimani wakienda pwani huvua sweta Voi na viatu Mombasa. Ndivyo ilivyokuwa. Tulitoka alfajiri katika ukungu, tukashuka mizunguko ya barabara mpaka Voi, kisha tukafuata barabara kuu katika nyika kavu hadi Mombasa. Likoni tulivuka kwa feri, tumeshikana mikono kama watoto wa shule, maana watatu kati yetu walikuwa hawajapata kukanyaga chombo cha majini.

Kutoka Likoni barabara inakwenda kusini. Tulipita Tiwi na Ukunda, minazi na miembe pande zote, na akina mama wa Kidigo wamejitanda leso wakiuza mihogo ya kukaanga. Baada ya kilomita 50 hivi kutoka Mombasa tuliingia njia ya kushoto inayoelekea baharini, na hapo ndipo Gazi.

Ni kijiji cha zamani. Katika karne ya 19 aliishi hapa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 hata akalazimika kukimbilia upande wa Wajerumani, nchi ambayo leo ni Tanzania. Siku hizi wenyeji wengi ni wavuvi, na karibu wote ni Waislamu. Tulijifunga leso vichwani kwa heshima, tukapiga hodi, nao wakatupokea kwa karibu kubwa na maji ya madafu. Mgeni akipokewa hivyo, huona haya kuleta mizozo ya kwao. Lakini sisi tulikuwa tumekuja na mizozo yetu, nayo tuliibeba mpaka ndani ya mikoko.

Mti unaozaa mtoto

Kwa mtu wa milimani, mkoko ni mti wa ajabu. Umesimama ndani ya matope na maji ya chumvi, juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Maji yakijaa huona majani tu yakielea. Maji yakipwa, mizizi yote huwa wazi, na matope yake yamejaa matundu ya kaa na konokono.

Sisi tulidhani mkoko ni mti mmoja. Pwani ya Kenya ina aina 9 za miti hii, na wenyeji wanazo kwa majina kama sisi tunavyozijua mboga zetu. Uko mkoko wenyewe. Uko mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi. Mchu hutoa vijiti vya mizizi vinavyochomoza juu ya matope ili vivute hewa. Mlilana husimama mbele kabisa, ukikabiliana na mawimbi. Uko muia, uko mkomafi wenye tunda la mviringo kama mpira, na uko msikundazi. Fimbo za miti hii zina majina yake pia, kufuatana na unene: fito, pau, boriti, nguzo. Nyumba nyingi za pwani zimesimama juu ya majina hayo.

Jambo lililotugusa zaidi ni namna mkoko unavyozaa. Mbegu yake haianguki ikiwa mbegu. Huota ingali juu ya mti, ikishikwa na mama yake, mpaka iwe mche mrefu wa kijani unaoning'inia kama kalamu. Ikikomaa huanguka. Maji yakiwa yamepwa huweza kuchoma katika matope papo hapo na kuanza maisha. Yakiwa yamejaa, huelea na kwenda kutafuta kwao. Mama mmoja wetu aliye na watoto saba alitazama juu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu naye anajua kazi." Tulicheka wote.

Tuliyaona haya tukitembea juu ya daraja la mbao lililojengwa katikati ya mikoko. Daraja hilo lilianza mwaka 2006, lina urefu wa mita 300 hivi, na wenye kuliendesha ni kikundi cha akina mama wa Gazi. Wageni hulipa kiingilio, na wakitaka hupikiwa chakula cha pwani. Tuliokuja kujifunza habari za kamati tulikuwa tumekwisha anza kujifunza kabla ya kuketi: akina mama wenzetu hawakungoja msitu uwe mali yao ndipo waupende.

Maana mikoko ya Kenya si mali ya kijiji. Ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kutangazwa huko hakukuizuia kukatwa. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwanda. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje, lakini mahali pengine palikuwa pamekwisha kuwa uwanda mtupu wa matope. Miaka ikapita, mikoko haikurudi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye kituo hapo hapo Gazi, walianza kuipanda upya pamoja na wanakijiji. Baadhi ya miti tuliyopita chini yake ilipandwa kwa mikono ya watu walio hai hadi leo.

Kamati isiyo na mshahara

Mwaka 2013 vijiji viwili, Gazi na Makongeni, vilianzisha rasmi kazi iitwayo Mikoko Pamoja. Vilipewa ruhusa kwa mkataba na idara ya misitu, chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliyowawezesha wananchi kushiriki kutunza misitu ya serikali. Sehemu waliyokabidhiwa ni hekta 117. Zaidi ya hekta 100 ni mikoko iliyoota yenyewe, na hekta 10 ni ile iliyopandwa. Ahadi yao ni ya miaka 20: kuulinda msitu usikatwe, na kupanda miche mipya 4,000 kila mwaka.

Fedha zinatoka wapi? Miti hunyonya hewa ya ukaa, ile hewa inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda na kuzidisha joto la dunia. Mikoko huishika kuliko miti mingi, na sehemu kubwa huifukia chini katika matope. Kwa hesabu ya wataalamu, msitu huu unazuia tani 3,000 hivi za hewa hiyo kila mwaka. Watu na makampuni ya ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao hulipa kwa kila tani. Gazi ilikuwa ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa mikoko kwa mikono ya wanakijiji wenyewe, na mwaka 2017 ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tulipouliza ni fedha kiasi gani, tulishangaa. Si mamilioni ya kumtajirisha mtu. Zilikuwa kama dola 12,000 hadi 15,000 za Marekani kwa mwaka. Tuliketi kivulini tukapiga hesabu kwa kalamu: zikigawanywa kwa watu 3,500 wanaonufaika na maji ya mradi huu, hakuna atakayepata dola 5. Kila mmoja angenunua unga wa siku chache na mambo yakaisha. Lakini zikikaa pamoja, zimeleta maji safi ya bomba vijijini, na vitabu kwa watoto shuleni. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima kibaba kiwe kimoja, tena kisiwe na tundu.

Sasa tulifika kwenye neno tulilolifuata. Kibaba hiki kinashikwa na nani?

Kinashikwa na kamati ya wanakijiji, waliochaguliwa na wenzao, wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea. Ni watu wenye kazi zao nyingine, wenye nyavu, mashamba na watoto. Lakini kamati hiyo haisimami peke yake, na hapa ndipo tulipotoa madaftari yetu. Kazi imegawanywa mara tatu.

Kwanza ni kamati yenyewe ya vijiji. Hiyo ndiyo inayosimamia ulinzi na upandaji, na ndiyo inayoitisha baraza. Matumizi ya fedha hayaamuliwi chumbani. Wanakijiji hukutana, hutaja mahitaji yao, hujadiliana na kuchagua: mwaka huu bomba, mwaka huu shule.

Pili ni kundi la wataalamu wa misitu na bahari, ambao huishauri kamati na kusaidia kupima miti. Hawa hawapangi fedha zitumikeje.

Tatu ni chama cha hisani kilichoandikishwa Scotland, kiitwacho ACES, ambacho huuza ile hesabu ya hewa na kupeleka fedha Gazi. Nacho kinaendeshwa na wadhamini wa kujitolea. Chama hiki huuza, lakini hakichagui kama kijiji kijenge bomba au kinunue vitabu. Tena kila mwaka taarifa huandikwa na kupelekwa kwa wenye kukagua, ikionyesha miti iko wapi na fedha zimekwenda wapi.

Tazameni vizuri, akina mama. Anayetumia si anayeuza. Anayepima si anayetumia. Na anayeamua ni baraza la watu wote. Hakuna mtu mmoja mwenye ufunguo, daftari na siri kwa pamoja. Sisi kwetu tulimpa mama mmoja vyote vitatu, kisha tukamshangaa alipoelemewa.

Hapo tulinyamaza kidogo. Tulikuwa tumekuja kutafuta namna ya kumpata mweka hazina mwaminifu. Gazi ilitufundisha jambo jingine: hesabu inayosomwa mbele ya watu hailindi fedha tu, inamlinda na yule anayezishika. Mwaminifu asiyesomewa hesabu yake hadharani amewekwa uchi mbele ya midomo ya watu.

Mtume Paulo alilijua hilo. Tuliposoma Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 8 jioni ile, tuliona kwamba alipochukua mchango wa kanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakwenda nao peke yake. Alifuatana na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, kusudi asilaumiwe. Kama mtume mwenyewe alitaka mashahidi, mweka hazina wetu wa kisima angewezaje kuishi bila mashahidi? Sura hiyo tumeisoma mara ngapi wakati wa matoleo, na hatukuona jambo hilo!

Kuni za mama

Hata hivyo tusiwadanganye wasomaji kwamba kutunza ardhi ni kukaa kwenye vikao. Kila msitu unaolindwa una mama mmoja anayesimama pembeni yake bila kuni. Mkoko una moto mzuri na wa kudumu. Mwambie mama huyo asikate, naye atakuuliza watoto wale nini kibichi. Kamati isiyokuwa na jibu la swali hilo itapata maadui usiku, hata ikiwa na karatasi zote za serikali.

Gazi walilijua hilo mapema. Pamoja na kulinda mikoko, walipanda mivinje nchi kavu, mti unaokua upesi na kutoa kuni na fito za kujengea. Wazo lao ni rahisi: usimfungie mtu mlango kabla ya kumfungulia mwingine. Sisi kwetu tulizungushia msitu seng'enge, tukaandika faini, na hatukupanda hata mti mmoja wa kuni. Ndiyo maana tundu la mbuzi lilipotokea, hakuna jirani aliyejishughulisha kutuambia.

Wala kazi yenyewe si nyepesi. Kupanda mikoko ni kuinama katika matope yanayofika magotini, ukishindana na saa ya maji kujaa. Sehemu za mbele, ambako mlilana hupandwa, mawimbi huing'oa miche, na mtu aliyeipanda kwa kujitolea hurudi kuipanda tena. Kazi ya namna hii haina makofi. Twamkumbuka Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda miaka 12 na hakuchukua posho ya chakula iliyomstahili liwali, kwa sababu aliona watu wamelemewa. Kujitolea hakukuanza na vyama vya siku hizi.

Kuna swali moja lililotusumbua, nasi tunaliandika hapa. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Hawa wa ng'ambo wanaolipa ili waendelee kutoa moshi, si ni kama kumlipa jirani afunge kwa niaba yako ili wewe ule?" Swali lake lina uzito, na hata wataalamu wanabishana juu yake. Mfungo wa jirani haumponyi mlafi. Mwenye moshi hana budi kupunguza moshi wake. Lakini tuliona pia kwamba maji ya bomba yanayoingia kwenye ndoo ya mama wa Makongeni ni maji kweli, na mikoko inayozuia mawimbi yasile ufuko ni mikoko kweli. Na majirani wa kusini zaidi, Vanga, Jimbo na Kiwegu, walipoona hayo, nao waliungana kulinda hekta 460 za mikoko yao kwa njia ile ile. Watu hawaigi jambo lisilowafaa.

Kurudi nyumbani

Tulilala usiku mmoja pwani, na alfajiri tuliamshwa na adhana. Nasi tukainuka tukaomba kwa sauti ya chini, tukiwaombea wenyeji wetu. Katika sura ya pili ya Mwanzo, kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu ni kulima bustani na kuilinda. Kazi hiyo ilitolewa kabla watu hawajagawanyika kwa makabila na dini, na Gazi tuliwaona wakiifanya.

Katika feri ya kurudi hakuna aliyeshikana mkono na mwenzake kwa hofu ya maji. Kila mtu alikuwa na mawazo yake. Tulipopita Voi tukivaa sweta, mwenyekiti alisema lile ambalo sote tulikuwa tunalikwepa: "Hatuwezi kuanza na kanuni mpya. Tutaanza nyumbani kwake."

Tulikwenda siku ya tatu, wote tisa. Tulipiga hodi. Mweka hazina wetu alitukaribisha kama desturi inavyotaka, akatutolea viti, akaweka chai motoni. Mwenyekiti alisimama badala ya kuketi. Alisema tumekosa, tulisikia neno tukalipitisha, na hatukumjia. Akaomba msamaha kwa ajili yetu sote, na mmoja mmoja tukasema vivyo hivyo. Mwenzetu aliyetaja yale mabati alilia.

Mama yule hakujibu. Aliingia chumbani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na risiti zote za miaka miwili, zimefungwa kwa uzi, mwezi kwa mwezi. Tulizipanga juu ya meza tukazijumlisha pamoja na daftari la michango. Hazikupungua. Zilizidi michango yetu kwa shilingi 1,150. Miche ilipokufa kwa jua mwaka ule wa kwanza, alinunua mingine kwa fedha zake na hakusema. Mabati alitumiwa na mwanawe.

Wapenzi wasomaji, pengine nanyi mna chemchemi yenu, au kiwanja cha kanisa, au kichaka cha kijiji ambacho mmeambiwa mkitunze. Msingoje mpaka maneno yaanze. Gawanyeni kazi, mmoja ashike fedha, mwingine aandike, mwingine akague. Someni hesabu mbele ya watu hata kama ni shilingi 200. Pandeni kuni kabla ya kukataza kuni. Na muwekeeni muda anayejitolea, ili apumzike kabla hajachoka. Na mkisikia neno juu ya mwenzenu, mwendeeni. Njia ya kwenda kwake ni fupi kuliko ya kwenda Gazi.

Sisi tulipomwomba mweka hazina wetu arudie kazi yake alikataa. Alisema, "Nimewasamehe. Kazi sitaki. Lakini siku ya kusoma hesabu nitakuja." Tulichagua wawili badala ya mmoja, tukapanda miti ya kuni kando ya njia ya kisimani, tukaziba lile tundu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata tulisoma hesabu chini ya mti, baada ya ibada, waume na vijana wakiwapo. Msomaji alipofika mwisho akafunga daftari, sauti moja ilitoka benchi la nyuma, lile letu la zamani.

"Shilingi 40 za kamba umeziruka."

Tuligeuka wote. Alikuwa ameketi pale, mikono magotini, akingoja zisomwe.